Paja Lililokandwa

Katika vilima vya Masisi, mashariki ya Kongo, nyumba isiyo na mtumbwi hukosa wageni. Mtumbwi ninaousema hauna safari ya ziwani. Ni gogo kubwa lililochongwa tumbo. Ndani yake watu hukamua ndizi mbivu, na maji yake hugeuka kasiksi, pombe ambayo bila hiyo hakuna ubatizo wala arusi inayokwenda vizuri.

Mwaka wa 1953, Hakorimana hakuwa na mtumbwi. Alikuwa mkulima wa maharagwe na viazi. Mke wake, Libérata, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na padri alikwisha taja Jumapili ya kumbatiza. Hakorimana hakutaka kuazima mtumbwi wa watu. Alichonga wake huko juu msituni, kisha akamwita jirani yake Callixte na wanaume wengine waje kuuteremsha.

Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Walipofika penye mteremko mkali, mtu mmoja aliteleza. Gogo likawaponyoka, likashuka lenyewe, likambana Hakorimana paja kwenye kisiki.

Walilisukuma upesi. Hakorimana alikaa chini huku ameshika paja. Baadaye kidogo akasimama.

"Uko muzima?" Callixte akauliza.

"Niko muzima. Angalia, hata damu haiko."

Waliangalia wote. Ngozi ilikuwa safi, hata mchubuko haukuwapo. Callixte akaanza kucheka. "Bado hujakunywa kasiksi yake, na tayari inakuangusha."

Wakacheka wote, na Hakorimana naye. Kisha akaweka bega lake chini ya gogo na kulibeba mpaka nyumbani. Mimi kila nikifika hapa nataka kumshika mkono nimkalishe chini. Waliitafuta damu juu ya ngozi, hawakuiona, wakadhani haipo.

Jioni ile paja lilianza kuwa zito. Hakorimana akamwambia mama yake.

Mama yake aliitwa Mukagasana, na aliishi nao uani. Kilima kizima kilimjua kwa sababu ya mikono yake. Aliyeteguka mguu, aliyejifungua, mzee wa mgongo, wote walipita kwake akawakanda. Hakuomba kitu, na watu walimpenda. Siyo mama mbaya. Ninalisema hili mapema, maana mtakayoyasikia yatawatia hasira.

Mukagasana alichemsha maji yenye majani. Akayeyusha siagi ya ng'ombe. Akamlaza mwanawe juu ya mkeka, akaanza kukanda kwa vidole, kisha kwa kiganja. Alipoona paja ni gumu, akasimama, akashika nguzo ya nyumba, akaweka kisigino chake juu ya paja, akalikamua kama watu wanavyokamua ndizi.

"Mama, inauma kupita ile ya mutumbwi," Hakorimana akasema.

"Maumivu njo dawa. Damu imelala mule ndani. Inafaa tuiamushe, ikimbie. Ikibakia itaoza."

Majirani waliokuwa mlangoni wakatikisa vichwa. Kwao, mgonjwa akilia, dawa imefika.

Asubuhi Libérata alipomfunulia mumewe blanketi, kikombe kilimtoka mkononi. Paja lilikuwa limevimba hata ngozi inang'aa. Goti lilikataa kukunjika. Uso wa Hakorimana ulikuwa wa kijivu.

"Mama, kuja uone," Libérata akaita.

Mukagasana alikuja, akatazama, akashusha pumzi ya furaha. "Njo vizuri. Damu inapanda juu. Leo itatoka."

Akachemsha maji tena, ya moto kuliko ya jana. Akakanda tena. Mchana, alipoona uvimbe unapanda kuelekea kiunoni, akachukua kamba ya mgomba, akalifunga paja juu kabisa, akakaza, ili uvimbe usifike tumboni. Akampa mwanawe pombe ya nguvu apunguze maumivu. Hakorimana alikunywa, lakini maumivu hayakupungua. Alisema mguu ulikuwa unapasuka kwa ndani.

Libérata ndiye aliyekuwa akipeleka vitambaa. Alikitoa kimoja katika chungu, moto sana, akawa akikirusha mkono huu na mkono huu. Maji yake yakachuruzika juu ya vidole vya mguu wa mumewe.

"Pole, Papa," akasema kwa hofu.

Hakorimana alikuwa akitazama paa. "Pole ya nini?"

Libérata akatazama vile vidole. Ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu pale maji yalipopita. Akakamua kitambaa kidogo tena, makusudi, juu ya kidole gumba. Mumewe hakutikisika. Alikuwa bado anangojea jibu.

Libérata aliweka kitambaa chini. Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka nje.

"Unaenda wapi?" Mukagasana akauliza.

"Naenda kuita infirmie wa dispanseri."

"Juu ya kitu ya kukanda tu?"

"Mama, hasikie moto," Libérata akasema, akashika njia.

Infirmie, yaani muuguzi, wa zahanati aliitwa Léopold. Alizaliwa Itebero, kule misitu ya Walikale, na watu wa Masisi walipenda kumtania kuwa ni mtu wa pori. Yeye naye aliwatania kuwa wanawapenda ng'ombe kuliko wake zao. Siku ile hakutania. Libérata alipomwambia habari ya maji ya moto na vidole, Léopold alichukua mkoba wake, akafunga mlango, akatangulia mbele.

Alipofika hakugusa kitu kwanza. Aliuliza. Ni nini kilimgonga? Ilikuwa lini? Baada ya kugongwa, alitembea? Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba miguu yote miwili ifunuliwe, ailinganishe. Alichukua uzi, akazungusha paja zima, akaushika pale ulipokutana. Uzi uleule akauzungusha paja lenye ugonjwa. Haukukutana. Pengo lilikuwa karibu upana wa kiganja.

Libérata akaziba mdomo kwa mkono.

Léopold aliligusa paja kwa ncha za vidole. Lilikuwa gumu kama ubao. Akajaribu kulikunja goti kidogo sana, na Hakorimana akapiga kelele. Akashika wayo, akakuta ni baridi. Akafinya vidole vya mguu kimoja kimoja.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Umeanza?" Hakorimana akauliza.

Léopold aliinua macho mpaka juu ya paja. Aliona kamba. "Nani amefunga hii kamba?"

"Ni miye," Mukagasana akasema.

Léopold akaikata mara moja. "Na nani amemukanda?"

Callixte, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama chini.

"Ni miye," Mukagasana akasema tena. "Na maji ya moto. Na kisigino."

Léopold alikaa chini, palepale udongoni. "Na kisigino, Mama?"

"Sasa nifanye nini? Damu ililala."

"Haikulala. Sikiliza, Mama. Nyama ya paja iko na mishipa midogo ya damu. Gogo iligonga, mishipa ikapasuka mule ndani, karibu na mufupa. Ngozi haikupasuka. Damu ikakosa njia ya kutoka, ikajaa mule mule. Lakini mwili hauko mupumbavu. Ulianza kuziba ile mishipa, pole pole. Halafu mukono ukakuja na moto, ukafungua kile mwili ulikuwa unafunga. Jioni ukafungua. Asubuhi ukafungua tena."

Mukagasana alimtazama. "Unasema nilimumwanga mutoto wangu damu? Miye?"

"Gogo njo ilianza. Kukanda kulizidisha."

Nyumba nzima ilishtuka, na mimi siwalaumu. Mikono ile ilikuwa imegusa kila mtu aliyekuwa mle ndani.

"Basi tupige pembe," Mukagasana akasema haraka. "Tuchanje, tunyonye hii damu."

"Hapana. Wembe haifike kule damu iko. Itaingiza uchafu tu, halafu usaha. Musikilize wote. Nyama ya paja imefungwa mule ndani kama gunia iliyoshonwa mudomo. Damu ikijaa, gunia haipanuke. Inafinya mishipa yenye kulisha muguu. Muguu unakufa njaa na damu iko pembeni yake. Njo maana hasikie moto. Hii haiko kazi yangu tena. Iko kazi ya kisu ya daktari, leo. Tukingoja kesho, watakata muguu. Ao tutamuzika."

Hakuna aliyebisha. Callixte alikwenda kuita wanaume. Wakamweka Hakorimana katika kipoyi, machela yao ya miti na matete. Léopold alikataza wasiufunge mguu na kitu chochote. Wala wasiuning'inize juu wala chini, ulale sawa na mwili. Walipofika barabarani walikuta lori la mbao linateremka ziwani. Dereva alipoliona lile paja, alifungua nyuma mara moja.

Walifika hospitali ya Kirotshe jua likizama. Daktari alishika wayo, akabonyeza paja, akasema maneno machache kwa Kifaransa, na Hakorimana akaingizwa ndani. Léopold akaingia pamoja naye. Libérata alikaa barazani na mtoto. Alijaribu kuomba rozari, lakini alisahau maneno ambayo alikuwa akiyasema tangu utotoni.

Léopold alipotoka, alikuwa ameshika beseni lililofunikwa kitambaa.

"Mama Libérata, nataka uone hii. Kule mulimani hawataniamini miye. Weye watakuamini."

Akafunua. Ndani kulikuwa na damu nyeusi iliyoganda, mabonge kwa mabonge, kama maini ya mbuzi. Beseni lilikaribia kujaa.

Libérata alishika nguzo. "Hii yote ilikuwa mu muguu moja?"

"Yote. Na ngozi haikuwa na hata alama."

"Muguu utabakia?"

"Daktari amefungua paja kwa urefu, gunia limepumua. Vidole vimeanza kupata joto. Anasema muguu utabakia. Lakini ilikuwa karibu, Mama. Ilikuwa karibu sana."

Libérata alilia hapo, kwa sauti, na hakuona haya. Alipokuwa akitembea na mtoto mgongoni kuelekea zahanati, alikuwa amejiandaa kuwa mjane.

Hakorimana alikaa hospitalini muda mrefu. Kidonda kiliachwa wazi kwanza, halafu kikashonwa. Aliporudi nyumbani alitembelea fimbo, na kila siku alipaswa kukunja goti mwenyewe, kidogo kidogo, bila mtu kumsukuma. Mtoto alibatizwa baba yake akiwa ameketi kwenye benchi. Mtumbwi ulikuwa uani, na kasiksi yake, wote walikubali, ilikuwa nzuri.

Léopold alikuwa akipanda mlimani kutazama kovu. Siku moja Libérata alimwuliza, "Infirmie, gogo haiishe mu pori. Ng'ombe haziache kupiga teke. Siku ingine tufanye nini?"

"Weye ungefanya nini?" Léopold akamwuliza, maana alipenda kuwatega.

"Nitachemsha maji."

"Haya, basi nirudie kwetu Itebero, kazi yangu imeisha."

Libérata akacheka. "Ni maji ya baridi."

"Njo hiyo. Maji ya mutoni. Unaloweka kitambaa, unaweka juu ya paja, kikipata joto unabadilisha. Mutu alale, asitembee, asibebe kitu. Muguu unauweka juu ya mukeka uliokunjwa. Unaweza kufunga na kitambaa kipana, lakini kidole chako kiweze kupita chini yake. Moto hapana. Kukanda hapana. Pombe hapana, inazidisha damu kutoka."

"Halafu damu iende wapi?" Hii ilikuwa sauti ya Mukagasana. Tangu siku ya kipoyi alikuwa hasemi sana.

"Kama ni kidogo, mwili wenyewe unaikunywa, Mama. Kisha siku kidogo utaona weusi unateremuka mpaka ku goti. Musiogope ile, ni damu inajiondokea. Lakini mumuulize mugonjwa kila mara: unasikia vidole? Unaweza kuvichezesha? Paja likianza kuwa gumu kama ubao, maumivu yakazidi kuliko saa ya kugongwa, ao vidole vikalala, mufungue kitambaa, muteremushe muguu ulale sawa na mwili, na mulete mutu siku ile ile."

"Na muguu yenye kukandwa, lakini haikufa?" Mukagasana akauliza. "Yenye kukandwa majuma mengi, na moto?"

Léopold alifikiri. "Mara ingine ile damu mu nyama inageuka ngumu. Ngumu kama mufupa kabisa. Daktari anaiona mu picha ya mashini. Goti halikunjike tena."

Mukagasana alikuwa ameshika sahani ya viazi. Aliiweka chini, na hakula tena siku ile.

Alimkumbuka Sebahire. Huyu Sebahire aliishi upande wa pili wa kilima. Zamani ng'ombe alimpiga teke la paja, na Mukagasana alimkanda kwa maji ya moto mpaka mwezi ukaisha. Ndani ya paja kikaota kitu kigumu, kirefu, kama mfupa wa pili. Tangu hapo Sebahire alitembea na mguu ulionyooka. Na kilima kizima kilijua sababu. Sebahire alikuwa amegombana na Munyakazi juu ya mpaka wa shamba, basi Munyakazi alimtupia mfupa kwa uchawi. Hivyo ndivyo watu walivyosema, wakaamini. Hakuna aliyekunywa kwa Munyakazi. Watoto wake walipokuja kuomba moto kwa jirani, walirudishwa mikono mitupu. Hawa ni Wakristo, msomaji, wanaokaa benchi moja kanisani.

Majuma yalipita, na Mukagasana alinyamaza. Aliogopa. Mtu aliyeheshimiwa maisha yake yote hawezi kuamka tu asubuhi na kusema neno kama lile.

Halafu siku moja Sebahire mwenyewe akaja. Alikuwa amemshika mke wake, Victorine, ambaye alichechemea. Ng'ombe alikuwa amempiga teke la paja asubuhi ile zizini.

"Mama Mukagasana, nakuletea kazi," Sebahire akasema. "Damu haiko, ni kuvimba kidogo tu. Umukande mbele haijakuwa kubwa."

Mukagasana alimlaza Victorine. Alikunja mkeka, akauweka chini ya mguu wake. Akamtuma Libérata mtoni. Aliloweka kitambaa katika maji ya baridi, akakiweka pale palipogongwa, akafunga kitambaa kipana juu, akapitisha kidole chake chini yake kuona kama hakikukazwa.

"Unasikia vidole?"

"Nasikia," Victorine akasema.

"Uvichezeshe."

Victorine akavichezesha. Sebahire alisimama akitazama, na uso wake ukaanza kubadilika. "Baridi tu? Miye ulinikanda mwezi muzima. Juu ya nini bibi yangu hutaki kumukanda?"

Hakorimana, aliyekuwa akikunja goti lake mlangoni, aliacha. Libérata akamtazama mama mkwe wake.

"Nilikukanda," Mukagasana akasema. "Nilimukanda hata huyu mutoto wangu, ikabakia kidogo afe. Sebahire, hakuna mutu alikutupia mufupa. Ile kitu mu paja yako ni damu ya teke ya ng'ombe. Nafikiri ni miye niliifanya ngumu, na moto, na mikono hii. Uende Kirotshe, watakupiga picha, utaona. Lakini miye najua."

Sebahire alitafuta mahali pa kukaa. Mguu wake haukukunjika, ikambidi ajishushe kwa fimbo, akaketi mguu umenyooka mbele yake. Alilitazama paja lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Munyakazi hakufanya kitu?" akauliza.

"Hakufanya kitu."

"Mutoto wake alikufa wakati ule wa baridi," Sebahire akasema taratibu. "Walikuja kwangu kuomba moto. Niliwafukuza."

Victorine aliacha kuchezesha vidole.

Sebahire akashika fimbo, akajiinua. Mukagasana naye alisimama, akachukua kitenge chake. Alimwambia Libérata abadilishe kitambaa kila kikipata joto, na amwulize mgonjwa habari ya vidole. Kisha akamfuata Sebahire nje. Walipita njia ya nyuma ya shamba la maharagwe, mwendo wa mguu usiokunjika, mpaka kwenye nyumba ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyebisha hodi.

Munyakazi alifungua mwenyewe. Alipowaona alirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayetazamia kupigwa.

Mukagasana ndiye aliyeanza kusema.